Mikono ya wenzako kurukaruka kwenye uhalisia pepe

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye programu yako ya uhalisia pepe ya watu wengi mikono ya wenzako inarukaruka huku ya kwako ikienda vizuri. Si kosa la modeli, yaani umbo la 3D la mkono. Miwani inachora fremu 72 au 90 kwa sekunde, lakini umesema unatuma mkao (mahali na mwelekeo wa mkono) kwa mtandao mara 10 tu kwa sekunde, yaani taarifa mpya kila milisekunde 100. Ukiuweka mkono pale pale taarifa inapofika, lazima uruke.

Weka akiba ndogo ya taarifa, kisha mchore mwenzako kama alivyokuwa milisekunde 150 zilizopita, ukijaza katikati ya mikao miwili uliyo nayo tayari. Fuata saa ya mtumaji, si wakati paketi (kifurushi cha taarifa cha mtandao) ilipofika. Wengi tunakwama hapo. Mizunguko ijaze kwa kwatenioni (namba nne zinazoeleza mzunguko), na kama zao la nukta la mbili zinazofuatana (zidisha namba zinazolingana, kisha jumlisha) ni hasi, geuza alama za namba zote nne za mojawapo, la sivyo kiganja kitazunguka kwa njia ndefu. Sauti nayo icheleweshe kiasi hicho hicho ili midomo isiachane na maneno.

Kubashiri mbele ya taarifa ya mwisho mimi naepuka: mtu akisimamisha mkono ghafla, unapitiliza halafu unarudi, inakera sana. Mikono yako mwenyewe isome moja kwa moja kutoka kwenye vidhibiti, bila kuichelewesha hata kidogo.