Jibu: Nafuu ya kodi ya jengo kwa mgahawa mdogo England

Dada, umeuliza kama kuna msaada wowote wa serikali kwa mgahawa wako mdogo hapo England. Mimi ningeanza na kodi ya jengo la biashara. Ukiwa na jengo moja tu, na thamani yake ya kikodi (rateable value, yaani makadirio ya serikali ya pango la mwaka, yanayotumika kukokotoa kodi) haizidi pauni 12,000, hulipi hata peni. Kuanzia hapo hadi 15,000 nafuu inapungua kidogo kidogo mpaka inaisha. Angalia, thamani hiyo siyo pango unalomlipa mwenye nyumba! Itafute kwenye tovuti ya serikali, ni bure, usimpe wakala hela yako. Kisha omba nafuu hiyo kwa halmashauri, maana haiji yenyewe. Ule mpango wa Agosti 2020, serikali ilipowalipia wateja nusu ya bei ya chakula mgahawani, sahau, ulishapita.