Maalim, Nungwi mpaka Forodhani kwa miguu, tutafika?

Barua za mbio zimekuwa nyingi safari hii, hata sijui watu wamekula nini. Nimechukua tatu, nyengine zisubiri.

Assalam alaykum maalim. Mie ni fundi, napiga kalafati vyombo huku Nungwi, nna miaka 31, mpira nacheza na ufukweni nakimbia kilomita 10 siku tatu kwa wiki. Niliona klipu ya mbio za Ugiriki, watu wanakimbia mchana na usiku afu wanamaliza kwa kushika mguu wa sanamu, nikasema kwani sie hatuna njia za kale? Tuko wanne, tunataka kutoka Nungwi mpaka Forodhani siku moja, mwakani mwezi wa saba. Watu baraza nzima wanatucheka. Inawezekana au tunajitafutia balaa?
*Fundi, Nungwi*

Waalaykum salaam fundi. Inawezekana, waache wacheke. Chochote kinachopita marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kinaitwa ultra, na hapo kwenu mpaka Forodhani kwa barabara ni kama kilomita 60 hivi, kwahiyo kwa wenyewe wa mbio hizo hiyo ni ultra ndogo, ila mguu wako hautaambiwa kama ni ndogo. Ile uliyoiona ni Spartathlon, Athens mpaka Sparta, kilomita 246 ndani ya saa 36, imeanza 1983, wamefata kisa alichoandika Herodotus cha tarishi Pheidippides aliyetumwa kuomba msaada kabla ya vita vya Marathon. Na sanamu ni la mfalme Leonidas. Hiyo tuwaachie Wagiriki kwanza.

Ugomvi wangu na wewe ni mmoja tu: geuzeni safari. Mwezi wa saba ni kusi, na wewe mtu wa vyombo unalijua kuliko mie, sasa ukitoka Nungwi kuja mjini maana yake kusi linakupiga usoni kilomita 60, chombo gani hicho kinakwenda joshi kutwa nzima? Tokeni Forodhani mshasali alfajiri, saa 11 na nusu hivi, daladala bado chache, mkifika Marahubi kunapambazuka mnaziona zile nguzo zilobaki za jumba la Sultan Sayyid Barghash, lilojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 likaungua 1899. Mbele kidogo ni Mtoni alipozaliwa binti wa mfalme, Sayyida Salme, 1844. Afu Bububu, na mpaka hapo mtakuwa mmekwenda sambamba na treni, ndio treni, vijana wa siku hizi ukiwaambia Unguja kulikuwa na treni wanakutizama kama umevuta kitu, lakini ilikuwepo, ilianza 1905, inatoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili 7 hivi.

Baada ya Bububu historia inapungua na jua linaongezeka. Chuini, Mahonda kwenye miwa, Kinyasini, Mkwajuni, Kidoti. Kati ya Mkwajuni na Kidoti ndo mtu huanza kuwakumbuka waliomcheka barazani. Fukuchani pana lile gofu la mawe wenyewe wanaita nyumba ya Wareno, wataalamu wengi wanasema ni nyumba ya Waswahili wa karne ya 16, mie nipo na wataalamu, lakini nyie hapo simameni mnywe maji tu msianze mjadala. Na kwenu Nungwi huna haja ya sanamu, ingia baharini na nguo zako.

Onyo: upepo wa mgongoni unasukuma lakini haupozi. Kuanzia saa 3 asubuhi kila mtu awe na kitambaa kimelowa maji shingoni.

Mazowezi sasa. Wewe kalafati imekupa mapaja, unachuchumaa kutwa, hilo shukuru. Hizo kilomita 10 zako ziache kama zilivyo katikati ya wiki, siku moja ndo iwe ndefu, uongeze kilomita mbili tatu tu kila wiki na kila wiki ya nne upunguze upumzike. Ukifika 25 anza kufatanisha siku mbili, Jumamosi 25, Jumapili 15 na miguu mizito vile vile, mana hiyo Jumapili ndo inayokufundisha ultra. Mbio yako ndefu kabisa iwe kama 40, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, baada ya hapo unapunguza.

Na mtembee. Narudia, mtembee. Kimbieni dakika 8 mtembee 2, kuanzia dakika za mwanzo pale mtaa wa Malindi mkiwa bado wabichi, sio mpaka mchoke, mana aliyeanza kutembea kwa sababu kachoka kurudi kukimbia tena ni kazi. Najua mtaona haya watu wa Malindi wakikuoneni mnatembea kabla hata jua halijatoka. Oneni haya.

Chakula msinunue vile vipakti vya jeli vya bei ghali, Zanzibar ishajaa chakula cha mbio. Mwili katika kazi hiyo unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, tende ndogo 6 zinakupa kama 30 na kidogo, kipande cha haluwa kinakupa zaidi, kashata, muhogo wa kuchemsha wenye chumvi. Mimi haluwa ndo dawa yangu, unaiweka shavuni inayeyuka yenyewe. Madafu mazuri lakini yana potasiamu nyingi sodiamu kidogo, na jasho linakwenda na sodiamu, kwahiyo dafu lisikufanye usahau chumvi. Na hili watu hawalijui: maji matupu mengi kupita kiasi yanaua. Chumvi kwenye damu inashuka, kichwa kinauma, mtu anaanza kusema maneno hayaeleweki. Aliyevaa pete aiangalie, ikianza kubana vidole vimevimba, aache maji matupu, na akianza kuchanganyikiwa hospitali hapo hapo. Kunyweni kwa kiu, basi.

Viatu vipya msivivae siku ile, na vizidi nusu namba mana mguu unavimba. Vesilini kwenye vidole, kwapani na mapajani. Barabarani kimbieni upande wa kulia ili gari zije usoni kwenu, vaeni vile vizibao vinavyong'aa, gari moja ikufateni na maji, na kabla ya yote muwaarifu trafiki na masheha mnakopita, la sivyo kuna mtu Kinyasini atadhani mnakimbia kwa kuiba.

Maalim, mie kila mbio ndefu magoti yananiuma, rafiki yangu ananiambia nimeze dawa ya maumivu mbili kabla sijatoka nyumbani ili nisisikie. Ni sawa?
*Kijana wa Jang'ombe*

Si sawa. Ibuprofen, diclofenac na jamaa zake zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mbio ndefu na jua nazo zinafanya kazi hiyo hiyo, ukizikusanya pamoja unaweza kuzifungia figo duka. Goti likiuma pumzika, ukitaka kujua linaumwa nini nenda kwa daktari sio kwa rafiki. Na ukimaliza mbio ndefu ukaona mkojo umekuwa rangi ya kahawa, usilale ukasema kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shikamoo maalim. Mie mwalimu wa skuli huku Wete, nina marathoni mbili, nataka kwenda mbio za Comrades za Afrika Kusini. Nimesikia ulishakwenda. Nna wasiwasi na vilima, na pia mie navaa baibui na mtandio, mazowezi nayo nafanya na suruali pana na shungi. Mume wangu hana neno ila mama anasema nitaanguka njiani nimuaibishe.
*Bint Wete*

Marahaba binti yangu. Mama msalimie, mwambie kuanguka njiani kule hakuna aibu, mie nilianguka.

Comrades ni Durban na Pietermaritzburg, mwaka mmoja wanapanda kutoka Durban mwaka wa pili wanashuka, kama kilomita 86 mpaka 90 kutegemea. Ilianzishwa 1921 na Vic Clapham kuwakumbuka askari wenzake waliokufa Vita vya Kwanza, walianza watu 34 wakamaliza 16. Wanawake waliruhusiwa rasmi 1975 tu, pamoja na watu weusi, lakini 1923 bibi mmoja Frances Hayward alikimbia bila ruhusa akamaliza, kwahiyo shungi lako halitakuwa jambo la ajabu kuliko yote yaliyopita njia ile. Tafuta tu shungi la kitambaa chepesi kinachokauka haraka, sio pamba, pamba ikilowa inachubua chini ya kidevu mpaka damu.

Vilima una bahati, upo Pemba. Sie Unguja ukipanda Masingini umemaliza, hata mita 150 hufiki, nyie hapo Wete ukitoka tu mlango wa nyumba ni mpando na mshuko mpaka Chake. Njia ya Comrades inafika zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Na usifanye mazowezi ya kupanda tu, kushuka ndo kunavunja mapaja.

Mie mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa kupanda. Nilitoka Durban kama mtu anafukuzwa na mbwa, nikawapita watu wote Cowies Hill, nikawapita Fields Hill, najisifu. Kilima cha Inchanga ndo mapaja yakanifia. Nilikuta kituo kimeshafungwa, muda umepita, kijana mmoja kwa adabu kabisa akanipandisha kwenye basi la kuzoa waliochelewa. Ndani kimya, watu wazima wanatizama madirishani. Jirani yangu bwana mmoja mkubwa, kanyoosha mguu wake kwenye korido, akaniomba nimfungulie kamba ya kiatu, hawezi kuinama. Nikamfungulia. Soksi imegandana na kidole. Hatukusema neno mpaka tumefika.

Mara ya pili nilitembea vilima vyote, kuanzia cha kwanza kabisa, kwenye meza za njiani nikala viazi vya kuchemsha vilivyochovywa chumvi, maji unapewa kwenye vipakti vya nailoni unang'ata pembe unafyonza. Nilimaliza kwa muda wa saa 11 na dakika 47. Mwisho ni saa 12 kamili tangu kuanza, anasimama mtu kawapa mgongo wakimbiaji ili asimuone nani anakuja, bunduki ikilia pamefungwa, hata kama umebakisha hatua tatu.

Muda wa marathoni utahitaji uwaoneshe ndo wakuruhusu kukimbia, hizo mbili zako angalia kama bado zimo ndani ya tarehe wanazotaka, kama zimepitwa kuna Kilimanjaro Marathon pale Moshi, huwa mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Ukishapata nafasi niandikie, nna soksi mpya jozi mbili sijazitoa hata kwenye mfuko, nitakupa mtu wa boti akuletee.