Maswali na majibu: Gari likivuka bahari, moshi wake ni wa nani?

Barua za mwezi huu zimetoka mitaa yetu ya Lubumbashi, Kongo: Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba, na zote zinahusu jitihada za mataifa tajiri kupunguza hewa ya ukaa itokayo kwenye usafiri.

Je, Ulaya itafuta magari yote ya petroli mwaka 2035?

Hapana, na swali hili limekwisha kujibiwa mara nyingi hapa. Sheria ya mwaka 2023 inahusu magari mapya peke yake, na Desemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza hata sharti hilo lilegezwe. Someni kabla ya kuuliza.

China huzalisha umeme mwingi kwa makaa ya mawe. Gari la umeme lina faida gani huko?

Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati katika joto, ilhali mota ya umeme huigeuza karibu yote kuwa mwendo, kwa hiyo gari la umeme, likihesabiwa tangu kiwandani hadi linapotupwa, kwa kawaida hutoa hewa chafu kidogo zaidi. Hata hivyo, foleni ya magari ya umeme ni foleni vilevile. Mimi nalisifu zaidi jiji la Shenzhen huko China, ambalo kufikia mwaka 2017 lilikuwa limebadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme.

Ni kweli Ufaransa imekataza ndege za ndani?

Ni njia tatu tu kutoka uwanja wa ndege wa Paris-Orly, tangu 2023: Nantes, Lyon na Bordeaux, ambako treni hufika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu.

Mimi ni mama wa watoto wanne na nimeweka akiba ya kununua gari lililotumika kutoka ng'ambo. Je, nakosea?

Hukosei, mama; anayekosea ni yule aliyeliuza akajihesabia usafi. Kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyotumika, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Gari linapopakiwa melini, hutoka katika hesabu ya nchi ile, kisha moshi wake unaingia katika hesabu yetu na katika mapafu ya watoto wanaokwenda shule kando ya barabara zetu. Kabla ya kulipa, mwambie fundi atazame chini ya gari, kwa maana kile kifaa cha kusafisha moshi wakati mwingine hung'olewa kwa ajili ya madini yake ya thamani.

Je, kobalti yetu, madini ya kutengenezea betri, itatutajirisha?

Msiitegemee peke yake. Betri nyingi za China sasa hutumia chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Na hiyo kobalti tunayoichimba Kolwezi hupita hapa Lubumbashi kwenye malori ya dizeli yanayopanga foleni hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ili gari liitwe safi huko liendako. Marekani na Umoja wa Ulaya, ambao wameahidi kusaidia reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, wahakikishe kwamba treni zake zinabeba pia abiria wetu, si madini peke yake.