Nyuti mnene ndo dume?

Swali: Mhariri, niko Uingereza, kidimbwini kwetu kuna nyuti, vile vidude kama mjusi ila ni ndugu wa chura, mmoja mnene mwingine mdogo ana kishungi mgongoni, huyo mnene si ndo dume?

Jibu: Umegeuza ndugu yangu, mnene ndo mama. Nyuti wa kishungi jike anafika kama sentimita 16, dume mara nyingi 14 hivi, sababu ni mayai, msimu mmoja anataga 200 na ushee tena moja moja, kila moja analikunjia jani kwa miguu ya nyuma, sasa kitumbo kidogo kingetosha wapi? Dume kazi yake mbwembwe tu, na kishungi chenyewe msimu wa kuzaana ukiisha kinanywea. Cheki mkia, wenye mstari mweupe wa fedha ubavuni ni dume. Ila usiwashike, huko wanalindwa kisheria.