Kabukicho: spika ilinionya, nikamwomba mwizi anitafsirie

Mkuu, simama hapohapo. Nimesoma bandiko lako lote la safari ya Tokyo na maswali yako sita, kuanzia sehemu nzuri za kunywa usiku mpaka viatu, lakini nimeganda kwenye mstari mmoja, ule uliouchomeka kule chini kama utani: kwamba kuna jamaa amekufuata PM, kwenye meseji binafsi, anasema ukishuka Shinjuku kijana wake atakupokea barabarani Kabukicho, ule mtaa wa starehe za usiku pale Tokyo, na kukupeleka sehemu ya yeni 3,000, saa nzima unakunywa mpaka uchoke.

Usiende. Hata kama ni shemeji yako, usiende. Yeni 3,000 hiyohiyo na saa nzima hiyohiyo ndiyo niliyoahidiwa mimi mwaka 2023. Niliposhuka na lifti nilikuwa nimelipa 187,000. Piga hesabu mwenyewe, kwa kiwango cha siku zile inapita milioni tatu za kwetu. Nilikwenda Japani kutafuta gari, Toyota Noah, nikarudi nimenunua IST ndogo. Mke wangu mpaka leo anajua bei za mnadani zilipanda ghafla, na nakuomba tuliache hivyo.

Mimi ni mtu wa Arusha. Nimekulia karibu na mnara wa saa, nimewaona Wazungu wakishuka kwenye gari, wanalainishwa kwa "jambo rafiki", dakika kumi baadaye wamekumbatia vinyago vitatu na picha ya tingatinga ambayo hawakuitaka. Nilikuwa nawacheka sana. Sasa siku hiyo natoka kituo cha Shinjuku upande wa mashariki, nimepita chini ya lile tao jekundu la mataa, nashangaa kichwa cha Godzilla kinachochungulia juu ya ghorofa, mara nasikia nyuma yangu: "Jambo! Hakuna matata! Tanzania, Kilimanjaro!" Nageuka, kaka mweusi, suti imenyooka, meno yote nje. Ametokea Afrika Magharibi na Kiswahili chake kilikuwa hichohicho, maneno matano. Yalitosha. Nilikuwa nimevaa jezi ya Taifa Stars, kwa hiyo nilijitangaza mwenyewe, na wiki nzima nilikuwa sijaongea na binadamu ila kupitia programu ya kutafsiri kwenye simu. Nililainika kuliko Mzungu yeyote niliyewahi kumcheka.

Na asije mtu hapa akaligeuza hili kuwa la Waafrika. Pale wapiga debe wengi tu ni vijana wa Kijapani wenyewe. Kila samaki na chambo chake, mimi chambo changu kilikuwa "jambo".

Tukawa tunatembea. Kuna spika mtaani, sauti ileile inarudiarudia kwa Kijapani. Nikamuuliza kaka yangu mpya, hawa wanasema nini? Akajibu bila kupepesa jicho: wanawakaribisha wageni. Nikasema, watu wastaarabu hawa.

Miezi miwili baadaye, niko zangu nyumbani, Mkenya mmoja anayeishi Saitama, jirani na Tokyo, ndiye aliyenitobolea. Zile spika huwekwa kuonya watu: usimfuate mpiga debe, ukimfuata utabambikiwa bili, asilimia mia. Wana neno lake kabisa, bottakuri. Yaani wenye mji wao wametundika spika kunionya mimi, na mimi nikamwomba mwizi anitafsirie. Chekeni tu, nimeshazoea.

Jengo lenyewe jembamba kama kibiriti kilichosimamishwa wima, kila ghorofa baa yake, vibao vimepangana kuanzia chini mpaka juu. Sisi tulikuwa ghorofa ya sita. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana ghorofa ya sita huwezi kuchungulia dirishani ukaona ndani kuna watu wa namna gani, na ukishaingia njia ya kutokea ni lifti ya watu wanne. Winga wangu, yule kaka wa suti, akanong'ona na mtu wa kaunta, akanigonga bega, akaondoka. Winga wa Kariakoo angalau anabaki mpaka ulipe apate chake mbele yako.

Wakaja mabinti wawili, sikuwaita. Mmoja akauliza kwa ishara, na mimi ninywe? Ungekataa wewe? Nikaitikia kwa kichwa kama bwana harusi. Kumbe ile 3,000 ni ya glasi yangu mimi peke yangu, na kila glasi ya kwao ina bei yake, na bei hiyo haijaandikwa popote. Glasi zenyewe ndogo kama vikombe vya kahawa ya mtaani. Kila nikigeuka zimekauka.

Dakika hamsini hivi, bili ikaja. Karatasi ya mkono, Kijapani kitupu. Nikaielekezea simu itafsiri: kiti, meza, huduma asilimia 30, vinywaji kumi na vinne vya wahudumu, barafu. Barafu, mkuu! Nimekulia chini ya Mlima Meru, nimeishi na baridi bure maisha yangu yote, nikaenda kuinunua Tokyo.

Nikasema sina hela hiyo. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyepandisha sauti, nasisitiza hilo kwa sababu wewe unawaza majambazi wa kwenye sinema. Wanaume wawili tu walihama kutoka kaunta wakaenda kusimama mbele ya lifti, wakaniletea maji ya kunywa na mashine ya kadi.

Na hapa, mkuu, ndipo nilipofanya kosa ambalo mengine yote ni cha mtoto. Niliweka namba ya siri. Kwanza nilikosea kwa makusudi, nikajiona mjanja. Mara ya pili nikakosea tena. Kisha nikawaza: ya tatu kadi itafungwa, nitabaki Japani sina hata nauli ya uwanja wa ndege, na hela ya gari imo humohumo. Nikaweka namba ya kweli. Wakakata 120,000, halafu wakakata 67,000. Wakainama mpaka kiunoni kunishukuru.

Nikaenda polisi, kwenye kile kibanda wanachokiita koban, kiko karibu tu. Askari wawili, adabu tele, wakanipa kiti. Wakanisikiliza kwa mashine ya kutafsiri. Ulikunywa? Nilikunywa. Namba uliweka mwenyewe? Niliweka mwenyewe. Basi hayo ni madai kati yako na duka. Tokyo ina sheria yake ndogo dhidi ya mchezo huu tangu mwaka 2000, lakini sheria kuwepo na hela kurudi mfukoni ni vitu viwili. Benki yangu Dar nao wakanipa jibu la mstari mmoja: muamala uliidhinishwa kwa namba ya siri ya mteja. Kama ningekataa kuigusa ile mashine, ningekuwa na kesi ya kusimamia. Nilipoigusa nikawa mteja aliyeridhika.

Hoteli yangu ilikuwa Ueno, mtaa mwingine wa Tokyo. Treni nyingi za Tokyo huacha kutembea kati ya saa sita na saa saba usiku, na teksi kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri huongeza asilimia 20. Mimi nina yeni 640 za sarafu, kadi siitaki hata kuiona. Nikakaa kwenye ngazi karibu na kituo mpaka treni ya kwanza, karibu saa kumi na moja alfajiri, pamoja na Wajapani wawili wenye suti waliolala wamekumbatia mabegi. Nao sikuwauliza yaliyowakuta.

Sasa nije kwa aliyenituma huko. Kwenye grupu letu la waagiza magari kulikuwa na mjuaji mmoja, kila swali la Japani anajibu yeye. Ndiye aliyeniambia, "Japani hakuna mwizi, unamfuata yeyote, pochi ukiidondosha unarudishiwa." Ni kweli pochi hurudishwa. Yangu haikuguswa na mtu, niliifungua mwenyewe. Niliporudi nikamweleza, akanicheka, akasema yeye aliingia kila baa na wapiga debe na hakuwahi kupigwa. Baadaye ndugu yake akateleza mdomo: jamaa Japani ameiona uwanja wa ndege wa Narita tu, kwa muda wa saa sita, akisubiri kuunganisha ndege. Saa sita! Mtu amekula tambi uwanjani anawapanga watu wazima Kabukicho. Huyo wa PM kwako muulize swali moja tu, alilala hoteli gani. Kisha muulize kijana wake analipwa na nani.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: anayekuita barabarani, usiende naye. Hakuna isipokuwa. Enzi za stendi ya mabasi Ubungo, mpiga debe akivuta begi lako ulilivuta na wewe, ukamtukana kidogo, ukaenda kukata tiketi dirishani. Kwa nini ukifika Tokyo uwe mstaarabu? Kupiga debe kwenyewe kumekatazwa na kanuni za manispaa ya Shinjuku. Maana yake mtu huyu ameanza kuvunja sheria kabla hajakuuliza jina. Unategemea juu ghorofani wawe wachungaji?

Tena wana mbinu. Ukimwambia nina baa yangu naitafuta, atakwambia leo imejaa, ila tuna tawi lake hapo nyuma. Si tawi. Ukimkataa atakwambia anatoa maelezo tu, bure. Ukinyamaza atatembea na wewe hatua hamsini, wewe tembea, usimtazame, usicheke, usijibu hata salamu. Najua kwetu kutojibu salamu ni utovu wa adabu, siku hiyo kosa adabu. Na uchumba wa kwenye simu ni mlemle: binti mmejuana jana usiku, leo ana baa "anayoipenda" na lazima iwe hiyo, huyo naye ni mpiga debe, ila amekaa.

Roppongi, mtaa mwingine wa starehe Tokyo, usidhani ni afadhali. Ubalozi wa Marekani pale Tokyo umewaonya raia wake kwa miaka mingi kuhusu baa za Roppongi na Kabukicho, watu wanawekewa vitu kwenye kinywaji, wanaamka kadi imekaushwa. Mimi angalau nilikaushwa nikiwa macho.

Ukishaingia mkenge tayari, kadi isitoke mfukoni. Bora zaidi iache hotelini, tembea na hela taslimu ya usiku huo. Mashine za Seven Bank kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje, toa mchana. Pasipoti ndiyo utembee nayo, mgeni wa muda mfupi analazimika kisheria kuwa nayo. Piga 110, namba ya polisi, ukiwa ndani ya baa, siyo baada ya kulipa kama mimi. Na ngumi usirushe hata kama unazo, Japani wanaweza kukushikilia siku 23 kabla ya kukufungulia mashtaka, na yadi ya magari haitakusubiri.

Ulichouliza hasa, sehemu nzuri. Zipo, tele, na moja imo humohumo Kabukicho: Golden Gai, vichochoro karibu na hekalu la Hanazono, baa zaidi ya mia mbili zilizobanana, nyingine viti sita tu. Kiingilio mara nyingi kimebandikwa mlangoni, 500, 1,000, wakati mwingine zaidi. Nyingine ni za wateja wao tu, watakuambia, usikasirike. Usiku wangu wa mwisho niliingia moja, mwenye baa mzee, nikamwonyesha ile karatasi ya bili. Akaisoma taratibu, akavua miwani, akanimiminia moja ya bure. Niliondoka na bili ya 2,300, na risiti.

Ukiona kwenye izakaya, zile baa za Kijapani zenye chakula, wamekuletea kisahani cha mboga au kunde ambacho hukuagiza, na kwenye bili kuna yeni 300 mpaka 500, hiyo usigombane, inaitwa otoshi, ni desturi ya kiti. Nilipigwa laki nikalipa, halafu kesho yake nikagombana na mama wa watu kwa ajili ya yeni 400. Kama unataka usalama usiohitaji akili kabisa, HUB, zile baa za mtindo wa Kiingereza, unalipa kaunta kila glasi, hakuna bili ya kukushtukiza. Karibu na kituo cha Shibuya, mtaa mwingine wa Tokyo, kunywa bia barabarani usiku kumepigwa marufuku tangu Oktoba 2024, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kopo lako la dukani liache.

Bajeti, laini ya simu, na lile la nne nimelisahau, wakuu wengine watakujibu. Ah, uliuliza viatu. Vaa vyovyote, ila chukua soksi zisizo na matundu, maana izakaya nyingi utavua mlangoni. Hilo nalo nililijua nikiwa nimeshavua.