Mdogo wangu amenyamaza kundini

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 17 ana usonji na ni shabiki mkubwa wa katuni za Kijapani. Katika kundi lao la mtandaoni, kila anayebishana kwa undani kuhusu mhusika huambiwa "una usonji wewe", naye siku hizi haandiki chochote. Je, nimtoe?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, usimtoe kabla hujamsikiliza mwenyewe, kwa kuwa huenda hapo ndipo mahali pekee anapozungumza kwa uhuru juu ya kitu anachokipenda. Kinachoniumiza ni kwamba sifa ile ile inayomfanya shabiki awe shabiki, yaani kukumbuka vipindi, tarehe na majina, ndiyo inayogeuzwa tusi. Ni kweli kwamba DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataja kuvutiwa mno na jambo fulani miongoni mwa dalili za usonji, lakini dalili hiyo peke yake haitoshi. Lazima pawepo pia ugumu wa mawasiliano na mahusiano unaoanzia utotoni. Wapo pia wanaodhani kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu, dhana iliyoenezwa sana na filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, ilhali wengi hawana kipaji cha namna hiyo, wala hawadaiwi kuwa nacho ili waheshimiwe.

Mdogo wako akiridhia, mwandikie msimamizi wa kundi, bila kumtaja jina, umwombe apige marufuku neno hilo kutumiwa kama tusi.