Usukani wa kuchomoa unacheza, nichomelee bosi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Subaru Impreza GC8 naiandaa kwa rali, keji (fremu ya mabomba ya kunilinda ikipinduka) ishafungwa na siti ya mbio ipo, sasa kuingia na kutoka ni mateso matupu. Nikanunua usukani wa kuchomoa, ule wa kubonyeza vitufe viwili pembeni, nikafunga mwenyewe. Shida unacheza, ukiushika pale juu unaenda kama milimita mbili tatu hivi kabla hujakamata, halafu umenijia karibu sana na kifua. Jamaa kaniambia nichomelee bosi, kile kipande kinachounganisha usukani na shafti, mchezo utaisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa mwambie aende akachomelee geti la kwake. Shafti ya usukani ya gari kama hilo imetengenezwa ijikunje ukigonga ili isikuchome kifuani, ukiipiga moto unaharibu bearing na ile sehemu ya kujikunja, na siku ukitaka kutoa bosi huwezi tena. Tena hata hujui mchezo unatoka wapi!

Kwa hiyo tuanze hapo. Chomoa usukani, chukua tipeksi, piga mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya shafti, nati kubwa ya katikati, bosi, mpaka kipande cha chini cha kichomoleo (kile kifaa cha kuchomolea usukani). Rudisha usukani, endeleza mstari kwa pembeni kuvuka kipande cha juu mpaka kwenye usukani wenyewe. Mtu akutikisie kushoto kulia taratibu, gari lipo chini kwenye matairi, wewe angalia mstari unakatikia wapi. Ukikatika kwenye shafti na bosi, ama nati haijakaza ama umeuziwa bosi ya gari lingine, meno ya ndani yanakaribiana na ya shafti lakini sio yenyewe, hiyo tupa. Nati yenyewe ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, sio kwa mkono na hasira. Mstari usipokatika popote na mchezo upo, basi shuka chini kaangalie jointi za shafti na reki inayogeuza matairi, gari za umri huo zinachoka huko.

Ukikatika kwenye bolti, hapo nimeona mengi. Usukani wa mbio una matundu sita ya bolti yaliyopangwa duara, kuna wa duara lenye kipenyo cha milimita 70 (Momo, Sparco, OMP) na kuna wa 74 (Nardi, Personal). Milimita nne tu, basi mtu anapekecha tundu liwe kama yai bolti iingie, anapaka rangi, anakuuzia. Bolti zenyewe ni M5, nyembamba, kaza kwa alenki fupi kwa kuvukavuka kama nati za tairi, na tone la gundi ya nati ile ya bluu, usivute kwa bomba zitakatika.

Ukikatika katikati ya vipande viwili vya kichomoleo, basi ndio chenyewe. Hivyo vya vitufe vinakamata kwa gololi, kwenye lami vinavumilika ila vumbi letu likiingia gololi hazitoki zote, kinalia "ta" na unadhani kimekamata. Niliwahi kumpokea kijana usukani umembakia mkononi, bahati ilikuwa uani anarudi rivasi. Kwa rali tafuta cha meno, chenye jino moja kubwa ili kikae upande mmoja tu, na pete ya njano unayoivuta kuelekea kwako. Hiyo njano sio urembo, sheria za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ndivyo zinavyotaka, mwokoaji akikukuta umepinduka aione na ajue pa kuvuta.

Kuhusu kifua, bosi ndefu juu yake kichomoleo ni lazima usukani ukusogelee. Weka bosi fupi. Kipimo: kaa, funga mikanda kabisa, nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kilale juu ya duara bila bega kutoka kwenye siti.

Kama gari lako lilikuja na eabegi na bado ipo, toa waya hasi wa betri, kaa nusu saa kunywa chai, ndio uguse. Usiipime na mita, na ukiitoa ilaze uso juu. Gari la mtaani usukani wa kuchomoa mimi sifungi, hata ukilipa mara mbili.

Honi nayo usiipitishe kwenye kichomoleo, waya zinakatika, weka kitufe kwenye dashibodi, maana kati ya steji na steji (vipande vya kushindania muda) unapita barabarani na bodaboda. Na kila ukirudisha usukani vuta kuelekea kwako kwa nguvu kama unataka kuung'oa, kisha zungusha, ndio uwashe. Ukiuchomoa utundike kwenye keji, usiuweke sakafuni, utateleza chini ya pedeli.